Kontena Si Ghala, Jameni!

Haya, leo natoa la moyoni, na atakayeudhika audhike. Kuna tabia moja ya sisi waandika programu: mfumo wa mteja ukikwama, mtu anapiga `docker exec`, anaingia ndani ya kontena inayofanya kazi, anahariri faili mbili tatu, kisha anaenda zake kunywa chai. Ati ametengeneza!

Hujatengeneza kitu, ndugu yangu. Imeji ni faili zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo haziandikwi tena. Kontena ni programu iliyowashwa kutoka kwenye imeji hiyo, ikaongezewa juu tabaka moja jembamba la kuandikia. Marekebisho yako yamekaa hapo tu. Ukipiga `docker stop` kisha `docker start` utayakuta, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Siku mwenzako atakapopiga `docker rm` ili awashe toleo jipya, yamekwenda na maji.

Nadhani jina limetuponza. Kontena tunayoijua ni ile ya bandari ya Mombasa, sanduku la chuma; ulichofungia Jumatatu utakikuta Ijumaa. Hii ya Docker, iliyotoka mwaka 2013, imeundwa iuawe na kuwashwa nyingine wakati wowote.

Kuna duka moja la mtandaoni (silitaji) lililoweka maagizo ya wateja kwenye faili ya SQLite ndani ya kontena, bila voliumu. Fundi akaifuta kontena, akawasha mpya. Pesa za M-Pesa zilikuwa zimeshaingia. Nani aliagiza nini, hakuna ajuaye. Wenye duka wakalaumu Docker!

Wajuaji watanijibu: si kuna `docker commit`? Ipo, na kweli itakupa imeji mpya. Lakini ni nani atakayejua ulifanya nini humo ndani, na kwa mpangilio upi? Rekebisha Dockerfile au msimbo wenyewe, uweke kwenye Git, piga `docker build`, washa kontena mpya. Data ikae kwenye voliumu. Ni dakika chache tu, acheni uvivu.

Unabisha? Piga `docker diff` kwenye kontena ya mteja wako jioni hii. Ukiona herufi A au C mbele ya faili za programu yenyewe, usiiguse hiyo kontena kabla hujazinakili zote.