Mandhari ya Mbulu na Hanang

Watumishi wanapojadiliana ni mkoa upi uliojaliwa mandhari nzuri kuliko yote, jibu hutolewa hata kabla swali halijaisha: Kilimanjaro kwa theluji yake, Arusha kwa Ngorongoro, Zanzibar kwa fukwe. Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, hutajwa kwa ajili ya ziwa na wanyama wa Tarangire. Mbulu na Hanang husahauliwa, na mwalimu apangiwaye huko aghalabu huulizia kwanza habari za baridi.

Hukumu hiyo si ya haki. Imetokana na desturi ya kuipima nchi kwa macho ya mgeni na kwa fedha zake. Magari ya watalii yakifika Karatu hushika njia ya Ngorongoro. Ile iendayo Mbulu huachiwa mabasi ya wananchi. Lau yangegeuka, wageni wangeiona Kainam, ambako Wairaqw wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi, wakitia samadi na kuukinga udongo kwa matuta. Uzuri wa pale ni jasho la watu, na hakuna kreta inayoweza kujivunia hilo.

Hanang nako mlima umesimama peke yake, wenye zaidi ya meta 3,400, huku Ziwa Balangida la chumvi likiwa chini yake. Mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyofunguliwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada, hupendeza sana pichani. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na aliyeondolewa humo hawezi kuisifu ngano hiyo kwa moyo mkunjufu.

Tena mlima wenyewe si picha ya ukutani. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu yake, iliyolainishwa na mvua, ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kwa hiyo mpango wowote wa kuwaita wapanda mlima Hanang hauna budi kutanguliwa na ulinzi wa misitu na mabonde ya mlima huo, na utaratibu wa kuwaonya wakazi wa Katesh, Gendabi na Jorodom kila masika na vuli.