Mémoire iko tayari, lakini haitoki

Tuko na kijana mmoja katika jamaa yetu, kule Katuba. Huu ni mwaka wa tatu tangu amalize masomo ku université, na mémoire yake ingali ndani ya ordinateur. Kurasa sabini ziko. Mama yake akiuliza, jibu ni lilelile: « Mama, ngoja nitengeneze paka kidogo. » Kisha anarudi ku sura ya kwanza, anafuta fungu moja, anaandika lingine, analirudisha lile la kwanza. Majirani wanasema ni mvivu. Sisi tunakataa. Mvivu hakeshi mpaka saa tisa ya usiku juu ya koma moja. Huyu anaogopa.

Anaogopa directeur wake aone kosa la Kifaransa na kusema: « Mutu ya licence njo anaandika hivi? »

Woga ule tunaufahamu, maana tulilelewa nao. Nani kati yetu hakumbuki dictée? Kila kosa lilikula pointi, makosa yakizidi unapata sifuri, na mwalimu anasoma sifuri ile kwa sauti darasa lote licheke. Tukajifunza kwamba anayenyamaza hachekwi. Leo kuko wazazi wenye akili nyingi wasiofungua mdomo ku mkutano wa masomo ya watoto wao, sababu mkutano unafanyika kwa Kifaransa.

Watu kama hao tunawaambia: « Usiogope. » Neno hilo halijaponya mtu. Wala kumsahihisha zaidi hakumponyi. Wataalamu wa saikolojia wako na njia nyingine, nayo si ya jana: kumkaribisha mtu, kidogo kidogo, kwa kitu kile anachokiogopa. Mwaka 1924, kule Marekani, Mary Cover Jones alieleza namna alivyomtibu mtoto mmoja aliyeogopa sungura: mtoto anakula chakula anachokipenda, sungura analetwa mbali, kesho karibu zaidi, mpaka mtoto akamshika kwa mkono. Joseph Wolpe, mganga wa Afrika ya Kusini, akaandika kitabu juu ya njia ya namna hiyo mwaka 1958. Baadaye wengine wakaipeleka kwa watu wasioweza kuvumilia kosa lao wenyewe. Kwa hao, sungura ni kosa.

Basi dawa ni kukosea kwa kusudi. Ndiyo, tumeandika vizuri, kwa kusudi. Unaanza na kadogo: unatuma ujumbe wa Kifaransa ku groupe ya WhatsApp ya jamaa bila kuusoma mara ya pili. Kisha unauliza swali mbele ya watu bila kulitayarisha kichwani. Kisha unampa directeur sura moja yenye kosa unalolijua. Kabla ya kila hatua unaandika ku karatasi kile unachowaza kitatokea (« atanifukuza », « watanicheka mwaka mzima »), na baadaye unaandika kile kilichotokea kweli. Halafu, na hapa njo wengi wanashindwa, hauruhusiwi kujiokoa. Hautumi ujumbe wa pili wa kusahihisha, hauombi radhi mbele. Ukijiokoa, utaamini kwamba ni radhi ile iliyokuponya, na woga utabaki palepale. Moyo utapiga, acha upige. Unajifunza kwamba unaweza kuubeba.

Tunasikia tayari wakubwa wakilalamika: kazi za ovyo zimejaa mjini, na nyinyi munafundisha watu kukosea! Tuelewane. Mwenye pharmacie ahesabu vidonge mara mbili, na fundi wa umeme ahakikishe waya zake. Hatusemi juu ya hao. Tunasema juu ya mtu ambaye uangalifu wake hauzai kitu. Na kusahihisha mémoire ni kazi ya directeur. Ukimnyima makosa atafanya nini?

Tena mji huu uko na ushuhuda wake. Mwaka 1965 André Yav alikusanya, kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu. Maneno yameungana pasipotakiwa, mengine yamekatwa katikati, neno moja linaandikwa namna mbili tatu. Johannes Fabian aliitoa katika kitabu mwaka 1990, na wataalamu wanaisoma mpaka leo. Yav angengojea tahajia safi, tusingejua namna boyi alivyomwona bwana wake.

Kuko wale ambao woga umewafunga kabisa, hawalali, hawali. Hao wasijaribu peke yao: waende kwa mtaalamu, kwa mfano ku kituo cha Joseph Guislain hapa Lubumbashi. Lakini kijana wetu alikuwa bado anakula vizuri, asante Mungu. Tukakaa naye siku moja ya mungu, akaandika hatua zake, na siku ya kwanza akatuma sura ya kwanza na makosa mawili aliyoyaacha mwenyewe. Usiku ule hakulala.

Siku ya tano directeur akarudisha. Yale makosa mawili hakuyaona. Alizungushia biki nyekundu hesabu moja ya ukurasa wa 12, isiyojumlika, ambayo kijana hakuiona hata mara moja kwa miaka yote mitatu. Sura ya pili inaondoka juma lijalo. Mama yake tumemwomba asiulize.