Mbio za maji zisiishie ukingoni

Tarehe 1 Juni mwaka 2007 wakimbiaji 20 waliondoka katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York, wakaanza safari ya kuizunguka dunia. Walipokezana kijiti usiku na mchana, kila mmoja akikimbia takriban kilomita 16 kwa siku, na palipokuwa na bahari wakavuka kwa ndege. Walipita Ulaya, wakaikata Urusi, Mongolia na Uchina, wakaingia Japani, kisha wakarejea Amerika Kaskazini na kumalizia walikoanzia mwezi Septemba. Katika muda wa miezi mitatu hivi walikuwa wamepita nchi 16 na kumaliza takriban kilomita 24,000. Hawakuwa wakiwania nishani. Shirika lililowatuma, Blue Planet Run Foundation, lilikusudia kuwazindua walimwengu kuhusu mamilioni ya watu wasio na maji safi ya kunywa, na kuchangisha fedha za miradi ya maji.

Hatuwabezi wakimbiaji hao. Anayejitolea kwa jasho lake ili mtu asiyemjua apate maji anastahili shukrani, na nchi iliyojijengea jina kwa riadha haiwezi kuidharau nguvu ya miguu. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba njia yao haikugusa Turkana wala Kitui, ambako mbio za maji hukimbiwa kila siku bila mtu kupiga makofi. Huko mama huamka alfajiri kwenda kwenye mto uliokauka, akachimba mchangani, akangoja maji yajikusanye, kisha akarudi na mtungi wa lita 20, yaani kilo 20 za maji mgongoni. Mama huyo naye ana wa kumpokeza. Akizeeka, mtungi humwangukia binti yake, ambaye aghalabu huulipia kwa saa ambazo angekuwa darasani.

Yeyote aliyewahi kutazama mbio za kupokezana vijiti anajua kwamba timu yenye wakimbiaji hodari inaweza kushindwa kwa sababu ya kosa dogo tu: kijiti kinaanguka mkono mmoja unapokiachia kabla mwingine haujakishika. Hapo ndipo miradi mingi ya maji ya bara hili imeangukia. Fedha huchangwa, mtambo wa kuchimba huletwa, maji hupatikana, mgeni wa heshima huja kukata utepe, na kibao chenye jina la mfadhili hupigwa rangi. Kisha wageni huondoka. Ni nani anayekipokea kijiti siku ya pili yake?

Mwaka 2009 wataalamu wa Rural Water Supply Network walikadiria kwamba zaidi ya thuluthi moja ya pampu za mkono katika mataifa ya Afrika yaliyo kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Mara nyingi si kwamba maji yamekauka chini ya ardhi. Kilichoharibika huenda ni kipande cha mpira kilicholika, au bomba lililopasuka. Lakini kamati ya maji haina akiba, fundi yuko mjini, na kipuri hakiuzwi katika duka lolote la karibu. Basi kisima kilichogharimu fedha nyingi husimama kama sanamu, nao akina mama hurudi mtoni. Wahenga walituonya kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika miaka ya 1980 wilaya ya Kwale ilikuwa mahali pa mradi mkubwa wa pampu za mkono. Pampu iitwayo Afridev, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi, ilifanyiwa majaribio na kuboreshwa huko. Iliundwa kwa kusudi la pekee: mwanakijiji aweze kuifungua na kuitengeneza kwa vifaa vichache bila kungoja gari la serikali. Shirika la KWAHO liliwashirikisha wanawake, wakafunzwa kuzitunza pampu zao wenyewe. Hilo lilikuwa jambo la busara, na baadhi ya pampu hizo zilidumu kwa miaka mingi. Nyingine, hata hivyo, ziliharibika na kutelekezwa kadiri waliofunzwa walivyozeeka au kuhama, na vipuri vilivyokuwa vikiletwa na mradi vilipoadimika.

Funzo la pili lilitoka Kyuso, katika kaunti ya Kitui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia katika mikono ya pampu vifaa vidogo vya kupeleka habari kwa mtandao wa simu, ili pampu inaponyamaza fundi ajue. Pampu ambazo zamani zilikaa karibu mwezi mzima zikingoja fundi zilianza kutengenezwa katika muda usiofika siku tatu. Kutokana na kazi hiyo kukazaliwa huduma ya FundiFix huko Kitui na Kwale, ambayo huzitunza pampu nyingi kwa pamoja kwa malipo ya watumiaji na ruzuku. Ajabu haikuwa katika kile kifaa. Jambo kubwa lilikuwa kwamba sasa palikuwa na mtu anayejulikana, anayelipwa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba maji yanatoka.

Watakuwapo wa kutujibu kwamba wananchi wapewe visima vyao na wajitunzie, kwani chako ni chako. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini mara nyingi imekuwa kisingizio cha kukwepa wajibu. Hakuna anayewataka wakazi wa jijini waunde kamati ya mtaa ili kurekebisha bomba kuu la maji. Kwa nini basi mwanakijiji maskini atwikwe kazi ambayo tajiri wa mjini hatwikwi? Kijiji kimoja chenye pampu moja hakiwezi kumweka fundi wala duka la vipuri. Vijiji hamsini vikiungana, vinaweza.

Serikali nayo haiwezi kudai kwamba hili si lake. Mpango mkuu wa maji wa mwaka 1974 uliahidi kwamba ifikapo mwaka 2000 kila familia ingepata maji safi karibu na nyumbani. Mwaka huo ulifika na kupita, na ahadi haikutimizwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, ikayafanya maji safi na salama ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, na tangu mwaka 2013 huduma za maji zikawa mikononi mwa kaunti. Ahadi ni deni, na deni lililoandikwa katika katiba halifutwi kwa hotuba.

Kwa hivyo tunatoa rai. Mosi, kila kaunti itenge katika bajeti yake fungu la ukarabati wa visima lililo mbali na fungu la kuchimba vipya, na ichapishe hadharani idadi ya visima vinavyofanya kazi na vilivyokufa. Pili, mfadhili yeyote anayetaka kuchimba kisima aulizwe kwanza ni nani atakayekitunza kwa miaka kumi ijayo, na kwa fedha zipi. Tatu, mafundi wa maji waajiriwe kwa tarafa, wawe na vipuri karibu, na walipwe kwa siku ambazo maji yanatoka. Nne, akina mama, ambao ndio wachotaji, wawe na sauti katika kamati, isiwe kazi yao ni kuwapikia wageni siku ya ufunguzi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha mpira kinachopuuzwa leo ndicho kisima kipya kitakachoombewa msaada kesho. Takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watu bilioni 2.2 duniani walikuwa bado hawana huduma ya maji salama ya kunywa. Wakimbiaji wa mwaka 2007 waliifanya sehemu yao na kurudi makwao. Sehemu iliyobaki ni fupi, haina bendera wala wapiga picha, nayo ni kutoka ofisi ya kaunti hadi kisima kilichonyamaza. Tunawataka viongozi wetu wanyooshe mkono wakipokee kijiti.