Kila bi harusi ana somo wake, na anayeingia kwenye teknolojia je?

Wiki hii sitaandika habari za magauni wala bei za lesi, ingawa najua msimu umefika na wengi mnasubiri. Nina jambo limenikaa kifuani tangu nilipoanza kufuatilia habari za mkoa wa Mara, kule Serengeti na Tarime.

Sisi watu wa pwani hatumtoi bi harusi hivi hivi. Anatafutiwa somo. Na somo hakai naye siku moja akampa cheti akaondoka. Anakaa naye ndani, anamjibu hata yale maswali ya aibu, na ndoa ikishatimia miezi sita bado anapigiwa simu. Basi nashangaa kwa nini mwanamke akitaka kuingia kwenye mambo ya kompyuta tunamfanyia kinyume. Semina ya siku mbili, fulana, soda, picha ya pamoja, kwaheri.

Yalinikuta mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikwenda kwenye mafunzo ya kompyuta ya wafanyabiashara wadogo. Kijana aliyetufundisha, kila nilipokosea alininyang'anya mausi mkononi akafanya yeye, tena haraka haraka. Nilirudi na cheti kizuri na sikuweza hata kufungua faili nililolihifadhi. Nikajiambia, mimi changu ni cherehani. Aliyekuja kunitoa kwenye fikra hiyo ni binti wa dada yangu. Aliweka mikono yake mapajani akaniacha nikosee mpaka nikapata. Leo hesabu zote za duka langu ziko kwenye simu.

Sasa turudi Mara. Wakurya wa Tarime na Serengeti wana mila ya kukeketa wasichana. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta bado wanawake 32 katika kila 100 wa mkoa ule wamekeketwa, wakati kwa Tanzania nzima walikuwa 10. Msimu wake ni Disemba, skuli zikifungwa, na koo nyingi hufuata miaka inayogawanyika kwa mbili. Binti akishakatwa huhesabiwa kuwa yuko tayari kuolewa, na baba huanza kuhesabu ng'ombe. Nyinyi mnaoandaliwa kuolewa hapo mtaelewa haraka, maana sisi tumefundishwa kwamba mahari ni haki ya bi harusi mwenyewe, si bei yake. Na wale wanaosema ukeketaji ni jambo la Uislamu, waende Mara wakaone. Wengi wanaoufanya kule wala si Waislamu. Ni mila tu.

Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti, yuko mama anaitwa Rhobi Samwelly. Mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na nusura damu imuue. Anaongoza shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia, Mugumu na Butiama. Tabu ilikuwa moja ambayo huwezi kuifikiria ukiwa mjini. Habari inafika kwamba binti wa mahali fulani atakatwa alfajiri. Gari lipo, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wapo. Haya, nyumba iko wapi? Vijiji vile kwenye ramani vilikuwa tupu kabisa, njia hazina majina, usiku hakuna wa kumuuliza, na ukimuuliza asiye mtu mzuri umeshamtoa binti.

Mwaka 2015 Mwingereza mmoja, Janet Chapman, alianzisha Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia huangalia picha za setilaiti na kuchora barabara na nyumba kwenye ramani ya bure iitwayo OpenStreetMap. Nimejaribu mwenyewe, kwenye laptopu ya yule binti wa dada yangu. Nyumba za msonge ukiziona kutoka juu ni kama vifungo vilivyomwagika juu ya kitambaa. Lakini mtu wa Uingereza, au mimi wa Unguja, hatuwezi kujua kile kifungo ni cha nani wala kijito kile kinaitwaje. Hayo huwekwa na wenyeji. Ramani ikishajaa, inaingia kwenye simu na kusomeka hata pasipo intaneti.

Na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Vijijini walichaguliwa watu, wake kwa waume, wakapewa simu za kisasa na kufundishwa. Wanawake wale si wahandisi. Ni wakulima, wanaishi palepale. Wamefundishwa kujaza fomu kwenye simu inayosema limetokea nini na wapi, na simu yenyewe hushika mahali. Mwanamke aliyekuwa na kitochi cha kupigia tu sasa anatuma taarifa inayoliongoza gari mpaka mlangoni. Ikiwa hiyo si teknolojia, basi sijui teknolojia ni nini.

Tusiseme ni mambo ya mbali. Hapa kwetu Kinyasini, Barefoot College imewafundisha mama zetu, wengine hawajui kusoma, kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wanajifunza kwa rangi na kwa mikono, miezi kadhaa, wakirudi vijijini ndio mafundi. Bibi mwenye wajukuu kabadilisha kazi!

Kitu kimoja sikipendi. Kazi nyingi kama ile ya Mara ni za kujitolea. Mwanamke anamripoti jirani yake, pengine shemeji yake, kisha anarudi kuchota maji kisima kimoja na watu haohao. Wanaofadhili waanze kuwalipa, angalau bando na nauli ya bodaboda. Tunapenda sana kuwasifu wanawake kwa moyo wao halafu tukawaacha watoe na pesa zao.

Najua wapo waume watakaosema simu itamharibu mke. Simu hiyohiyo ndiyo wanayoitazamia mpira usiku kucha. Mbele ya mume kama huyo sishauri ugomvi. Mkae naye, mwoneshe unachojifunza, mwambie ni kazi gani. Wengi hulegea wakishaona, hasa wakiona na kipato. Akikataa bila sababu, mtafute mtu mzima wa familia anayemsikiliza.

Kwa upande wangu nimeamua hivi. Kila Jumatano baada ya sala ya alasiri, dukani kwangu, meza ya kukatia inafungwa. Mwenye kutaka kujifunza kupokea oda kwa simu, kupanga picha za kazi zake, kuweka hesabu, aje na simu yake. Yule binti wa dada yangu atakuwepo, na anayetaka kuchora ramani ya vijiji vya Mara atamwonesha. Watoto mnaweza kuja nao, kibaraza kipana. Sitoi cheti.