Staa, Tuachie Riwaya Zetu za Mapenzi na Majini

Haya wadau, kuna staa mmoja wa Bongo (jina kapuni, ila mnamjua, yule wa picha ya kahawa na kitabu kila Jumatatu) kaja tena na mahubiri yake. Safari hii kasema mtu mwenye akili timamu anasoma vitabu vya ukweli tu: pesa, biashara, nidhamu. Riwaya za mapenzi eti ni za mabinti wasio na kazi, na hadithi za majini ni za watoto. Emoji za moto zikamiminika. Huko chini binti mmoja akaandika kwamba sasa anamficha mume wake simulizi anazosoma kwenye simu, anaona aibu. Hapo ndipo roho iliponiuma.

Mimi niko Moa, huku Mkinga. Kitabu nikikitaka namtuma dereva anayekwenda Tanga mjini, halafu nasubiri. Kwa hiyo kikifika nakisoma kweli, sipigi nacho picha.

Tuanze na hivyo vya ukweli anavyovipenda. Mwezi huu nimerudia Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Mwanamke wa Fumba, muuza vyungu, sura yake wakiicheka, na mwaka 1928 yuko Bombay anarekodi santuri. Kama unataka kitabu cha kukutia moyo, ndicho hicho, na kimeandikwa kwa Kiswahili. Kwenye picha za staa sijakiona hata siku moja.

Nikahamia kwa Sayyida Salme, bintiye Sultani Said. Kapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, kashika mimba, na mwaka 1866 katoroka Unguja usiku kwa manowari ya Waingereza. Akabatizwa na kuolewa Aden, akaenda kuishi Hamburg, na mwaka 1870 mume akafa kwa kugongwa na tramu. Yeye kabaki na watoto kwenye baridi ya watu. Kumbukumbu zake zilitoka 1886, ni mambo yaliyotokea, hakuna riwaya humo. Sasa, kaka, hayo ni mapenzi au ni historia? Utayaweka kabati gani?

Halafu Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Yasmini kaozeshwa angali mdogo kwa mzee anayelingana na baba yake, kakimbia, kakutana na Denge anayesakwa na wakoloni. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitolea filamu ikafika Toronto. Mimi siasa za Unguja ya miaka ya hamsini nimezielewa humo, kwa sababu nilikuwa namhofia Yasmini. Darasani nilikariri miaka tu nikafaulu, kisha nikasahau yote.

Na hapa niseme kidogo la kwetu. Mwaka 1896 Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, baada ya kupigana na Waingereza, alivuka mpaka na wafuasi wake akaja upande huu wa Wajerumani. Ina maana katika msafara ule hakukuwa na vijana wawili wapendanao? Nani atatuandikia riwaya hiyo kama kila anayejaribu anaambiwa anapoteza muda?

Majini sasa. Kwenye Adili na Nduguze watu wanageuzwa manyani na mji mzima unakuwa mawe. Ukimaliza utamjua ndugu mwenye husuda vizuri kuliko semina yoyote ya laki mbili. Kusadikika ndiyo kali zaidi. Nchi inayoelea hewani, Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria, na wajumbe waliorudi na mambo ya maana wanatupwa jela. Kitabu kimetoka 1951, Mwingereza bado yuko madarakani. Uongo huo wa nchi ya hewani ulibeba maneno ambayo mtu angeyasema waziwazi wakati ule angejuta. Staa anauita utoto.

Jamani, 2021 Gurnah alipopata Nobel si nyote mliposti hongera? Staa naye aliposti, na bendera juu. Paradise ni riwaya, mzee. Ida Hadjivayanis kaitafsiri, inaitwa Peponi. Umeifungua?

Simkatazi mtu vitabu vya pesa, pesa tunaitaka wote. Kinachonikera ni kuwatia watu haya kwa kitu wanachokipenda, wakati waandishi wa simulizi wanauza kipande kwa kipande WhatsApp, na mteja wao mkubwa ni huyo huyo binti anayefichaficha simu. Ukimwaibisha yeye, umemkata mwandishi kipato.

Shoga wa ile komenti, kama unapita hapa: mwachie mumeo Vuta n'kuvute mezani, usimwambie kitu. Na ukimaliza hiyo simulizi yako, niandikie mwishoni jini kaoa au kaachwa.