Binti Yako na Uhandisi wa Mazingira

Mama mpendwa, mwezi huu tunataka tuzungumze juu ya binti aliyemaliza kidato cha nne na sasa anasubiri nyumbani. Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, wapo ndugu ambao tayari wanahesabu ng'ombe wa mahari. Wakati kama huu neno la mama lina uzito.

Tangu utotoni binti huyu amebeba ndoo ya maji kichwani. Anajua jinsi nyumba nzima inavyokesha mtoto anapoharishwa na maji machafu. Kwa nini basi asiwe yeye wa kuyasafisha? Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi wa mazingira: kutibu maji ya kunywa, kusafisha majitaka kabla hayajaingia ziwani, kupanga utupaji wa taka, na kuzuia sumu kama zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kidato cha tano na sita, akisoma Fizikia, Kemia na Hisabati, kisha shahada ya miaka 4, kwa mfano katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Ada isiwatishe kabla hamjajaribu kuomba Bodi ya Mikopo. Njia ya pili ni kusomea stashahada ya ufundi katika Chuo cha Maji, pia Dar es Salaam.

Na kazi je? Zipo mamlaka za maji mijini, RUWASA inayohudumia vijiji tangu 2019, halmashauri, viwanda na migodi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza, na uchunguzi huo huhitaji wataalamu.

Hata hivyo tusidanganyane: wahitimu wengi husubiri. Binti aombe mafunzo ya vitendo mapema, hata kwa posho ndogo, na afuatilie matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Anayedai fedha ili ampatie kazi ni tapeli.

Mama, usimlazimishe binti asiyependa hesabu. Lakini kama anazipenda, zungumza na baba yake mapema, kabla wageni wa mahari hawajapiga hodi.