Bar 100 Si Hewa Sawa

Mwandishi aliyedai kwamba wazamiaji wawili wanaosoma bar 100 kwenye kompyuta zao wana hewa sawa amekosea, na kosa hilo ni la hatari. Bar hupima shinikizo, si ujazo. Mtungi wa lita 12 wenye bar 100 una takriban lita 1,200 za hewa. Wa lita 10 una 1,000. Kisha kuna kina, jambo ambalo hakuligusa kabisa. Anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji hutumia 60 akiwa mita 20 chini, na 80 akifika mita 30. Zile lita 1,200 zinazotosha dakika 20 kwenye mita 20 sasa zinatosha 15 kwenye mita 30! Na hapo hatujatenga bar 50 za akiba. Wakufunzi wa Mnemba na Pemba, wafundisheni wageni hesabu hii kabla hawajaingia majini.